Mji Unaojengwa Juu ya Karatasi



Anayepita leo katika Boulevard de Libération hawezi kukosa kuona jinsi sura ya Bunia inavyobadilika. Mahali palipokuwa na duka la chumba kimoja na baraza ya mbao, sasa pamesimama nguzo za saruji zenye vyuma vilivyoachwa wazi vichwani, zikingoja ghorofa ya pili na ya tatu. Malori yanashusha saruji iliyotoka Uganda, vijana wa rika lenu wanapandisha zege kwa ndoo, na mwenye kiwanja karibu na soko kuu anaulizwa mara kwa mara kama hataki kuuza. Sisi tuliokulia wakati ambapo Bunia ilikuwa mji wa wilaya tu, na kila shauri kubwa likisubiri jibu kutoka Kisangani, tunaona fahari. Tangu mwaka 2015 Ituri ni jimbo kamili, na jimbo linahitaji mji mkuu wenye ofisi, mabenki, hoteli na barabara zinazopitika wakati wa mvua.

Tena tunakumbuka mji huu ulivyokuwa mwaka 2003. Mwezi wa Mei wa mwaka ule maelfu ya watu walilala chini ya mabashi kando ya uwanja wa ndege na karibu na makao ya MONUC, kwa sababu katika mitaa yao palikuwa na risasi na maiti. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1484, na kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artemis, kikiongozwa na Ufaransa, kikafika kuulinda mji. Mtu anayejenga ghorofa mahali kama hapo anaonyesha kwamba anaitumainia kesho. Hatutaki kulidharau tumaini hilo, na wale wanaosema kwamba kila tajiri mjini ni mwizi hatuungani nao.

Lakini jengo lina misingi miwili. Upo ule wa mawe, ambao fundi anauchimba mbele ya macho ya watu wote. Upo pia ule wa karatasi, uliofungwa katika kabati ya kadastri na ya mhifadhi wa hati za ardhi, ambao jirani hauoni mpaka siku anapoambiwa ahame. Tunapenda kuzungumza nanyi juu ya msingi huu wa pili, kwa sababu ndio uliowahi kuiangusha Ituri nzima.

Sheria ya ardhi ya nchi yetu ni ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwamba mwananchi hupewa tu haki ya kuitumia, yaani konsesio, ambayo inathibitishwa kwa hati ya uandikishaji. Ardhi iliyokaliwa na wanavijiji tangu mababu nayo ikaingizwa katika mali ya Serikali. Haki za wanavijiji hao zilipaswa kuelezwa na amri maalumu ya Rais, na kwa miaka mingi amri hiyo haikutolewa. Hivyo mkulima alibaki na shamba bila karatasi, na mtu aliyejua njia za ofisini aliweza kupata karatasi bila shamba. Liko jambo lingine ambalo vijana wachache wanalijua. Hati iliyopatikana kwa hila inaweza kushtakiwa ili ifutwe, lakini ndani ya miaka 2. Ikipita, aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia tu, na ardhi haimrudii.

Tafakarini maana yake. Mwenye nia mbaya hana haja ya kutumia nguvu. Anahitaji kunyamaza miaka 2, hati ikiwa sandukuni, huku jirani akiendelea kupanda mihogo yake kwa amani. Katika Djugu yalitokea mambo ya namna hiyo, na mwaka 1999 ugomvi juu ya mipaka ya mashamba ya konsesio ndio uliowasha moto ambao baadaye tuliuita vita vya makabila. Makabila yalitumiwa, chuki ilipandwa, silaha zililetwa na watu wa mbali kwa faida yao. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo cheche ya kwanza ilikuwa karatasi iliyoandikwa bila jirani kujua. Sisi tuliosomea ualimu tungependa kila mtoto wa Ituri afundishwe jambo hili shuleni pamoja na tarehe ya uhuru.

Sasa rudini nasi katikati ya mji. Bei ya parseli kandokando ya bulevadi imepanda, na bei ikipanda mwenye nguvu hutafuta mwenye udhaifu. Mjane aliyeachiwa kiwanja na mume, akiwa na barua ya mauzo iliyotiwa sahihi na mkuu wa mtaa miaka ya themanini, anadhani ana hati. Hana. Ana ushahidi tu, tena ushahidi mwema, lakini akija mtu mwenye hati ya uandikishaji ya parseli ileile, yeye ndiye atakayeulizwa anakaa hapo kwa ruhusa ya nani. Katiba yetu, katika kifungu cha 34, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya umma, na baada ya kulipwa kwanza fidia iliyo ya haki. Neno «kwanza» lina uzito. Fidia inayoahidiwa baada ya trekta kupita siyo ile iliyotajwa na Katiba. Lakini kifungu hicho kinamsaidia yule tu anayeweza kuonyesha kwamba mali ni yake, na ndiyo sababu tunarudi daima kwenye karatasi.

Kisha wako wasio na karatasi ya aina yoyote. Mama auzaye sombe na ndizi pembeni ya barabara hulipa kodi kila siku, na hakuna anayeandika jina lake mahali popote. Barabara ikipanuliwa au ghorofa ikianza kuchimbiwa, yeye huondolewa asubuhi moja, na katika hesabu za mradi hahesabiwi kuwa mtu aliyepoteza kitu. Tunakubali kwamba barabara haiwezi kubaki soko. Motari na magari yanagongana hapo, na watoto wanaumia. Lakini kumwondoa kabla ya kumwonyesha mahali pengine pa kuuzia ni kumwondoa katika mkate wake, na mahali hapo pakiwa kilomita nyingi kutoka kwa wanunuzi ni kama hakupewa kitu. Mji ulioujenga uso wake kwa njaa ya mama huyo una deni, hata kama lami yake inang'aa.

Na zaidi ya mama huyo wako ndugu zetu waliokimbia. Tangu mapigano yaliporudi Djugu mnamo Desemba 2017, watu wa vijiji vingi wamekuja kukaa Bunia, wengine kwa jamaa zao, wengine katika kambi kama ile ya Kigonze na ile iliyo karibu na Institut Supérieur Pédagogique. Wapo watoto waliozaliwa humo ambao sasa wanakwenda shule. Watu hawa ni sehemu ya kukua kwa mji, ingawa hakuna mchoro wa ghorofa unaowaonyesha. Na huku wao wakisubiri chini ya bashi, mashamba yao kule kijijini yamebaki bila macho. Mpimaji akipita huko na kamba yake, nani atamwona? Nani atauliza habari ndani ya miaka 2? Tunaliona jambo hili kuwa hatari kubwa kuliko nyingi zinazotajwa katika semina za amani.

(Tunaongeza kwa mabano kwamba nchi yetu ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Kila anayesimama kutuambia idadi ya wakaaji wa Bunia anakisia. Kupanga mifereji, visima na shule kwa watu wasiohesabiwa ni kama kupika karamu bila kujua wageni.)

Wengine watatujibu kwamba maendeleo hayana budi kuumiza wachache, na kwamba nchi zilizoendelea zilifanya vivyo hivyo. Ni kweli zilifanya, na zinajuta. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, uko mji mkuu uitwao Saint Paul, kwa jina la Mtume wetu Paulo. Katika miaka ya hamsini na sitini wakuu wake walipitisha barabara kuu iitwayo I-94 katikati ya mtaa wa Rondo, mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa na makanisa, maduka na nyumba za wafanyakazi wa reli. Familia zipatazo 600 ziliondolewa. Barabara ilijengwa vizuri na magari yanapita mpaka leo. Lakini mwaka 2015 meya wa mji ule alisimama mbele ya watu na kuomba msamaha hadharani kwa yale waliyotendewa wakaaji wa Rondo. Ilichukua karibu miaka 50. Wazee wengi waliodhulumiwa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Ikiwa mji wenye mahakama, magazeti na mabenki ulihitaji nusu karne kukiri, sisi ambao majeraha yetu bado hayajafunga hatuwezi kujipa anasa ya kuiga kosa kwanza na kutubu baadaye.

Tunao mfano bora zaidi, na mnausikia ukisomwa kanisani. Nehemia, mtumishi wa mfalme Artashasta, alipewa ruhusa ya kuujenga upya mji wa Yerusalemu uliokuwa magofu. Sura ya tatu ya kitabu chake wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina. Msiiruke. Inaonyesha kila kundi likijenga kipande chake cha ukuta, wengi wao mbele ya nyumba zao wenyewe. Shalumu anatajwa pamoja na binti zake. Wakuu wa Tekoa nao wanatajwa, kwa aibu, kwamba hawakukubali kuinamisha shingo kwa kazi. Kisha katika sura ya tano, ukuta ukiwa haujakamilika na adui wakiwa nje, wanyonge wanaleta kilio: wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, na wanaowadai ni ndugu zao Wayahudi. Nehemia angeweza kuwaambia wangoje mpaka kazi iishe. Alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya mkutano, akawataka warudishe mashamba na nyumba siku ileile. Ukuta ulimalizika kwa siku 52. Kusikiliza kilio hakukuchelewesha ujenzi.

Basi mtatuuliza: sisi ni akina nani mbele ya wenye fedha na wenye mamlaka? Hatuwatumi kufanya maandamano, wala kusimama mbele ya trekta. Tunawaomba kazi ya kimya zaidi. Vikundi vyenu vya Xaveri, Kiro na Skauti vinaijua mitaa kuliko mtu yeyote wa ofisini. Mnaijua njia ya miguu ambayo shule nzima huitumia, chemchemi ambayo mtaa hutekea maji wakati wa kiangazi, bonde ambalo mvua hulijaza. Mambo hayo yakiandikwa katika daftari, kwa tarehe na kwa majina ya wazee walioyashuhudia, mkuu wa mtaa atakuwa na kitu cha kuonyesha siku mtu atakapodai kwamba mahali pale palikuwa patupu. Halmashauri za parokia zinaweza kulibeba daftari hilo mpaka kwa meya, na hata kwa liwali, kwa heshima na bila woga. Na parokia zetu zenyewe, ambazo nazo zina viwanja, zianze kwa kuonyesha mipaka yao hadharani. Hatuna haki ya kudai mwanga ofisini tukiwa na giza sakristia.

Iko pia kazi ambayo mnaweza kuianza Jumapili hii, baada ya Misa. Karibu kila jumuiya ina mjane au mzee mwenye sanduku la karatasi zilizoandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, asichoweza kukisoma. Kijana aliyemaliza sekondari anaweza kuketi naye, wakazifungua pamoja, akamweleza ipi ni barua ya mauzo, ipi ni stakabadhi ya kodi, ipi ni mkataba na Serikali, na ipi inakosekana. Msichukue karatasi yoyote kwenda nayo nyumbani, na msiache jirani wa mpaka nje ya mazungumzo. Ikiwa kati ya karatasi hizo iko barua inayotaja hati mpya juu ya kiwanja kile, itazameni tarehe kabla ya kutazama jambo lingine, kwa sababu miaka 2 huenda ilikwisha kuanza kuhesabiwa.