Kujihami sio kushinda ugomvi, ni kufika nyumbani

 Uzi wa leo ni mrefu kidogo, weka chai pembeni.

1. Kila likizo ya shule ikikaribia, swali ni hilihili: "Nesi, nimpeleke mwanangu akajifunze kujihami?" Na simu zetu sasa zimejaa video fupi: dada kashikwa kwa nyuma, anageuka mara moja, jamaa yuko chini. Maoni yangu nayasema mapema: ukipata mwalimu mzuri, mpeleke. Ila kwanza tujue hizi mbinu za kupigana kwa karibu zilitoka wapi na zilitengenezwa kwa kazi gani, maana nyingi kati ya hizo video zinatuuzia kitu kingine kabisa.

2. Ndondi, judo na karate ya mashindano ni michezo. Kuna refa, kuna sheria, na mara nyingi wanaopigana wanalingana uzito. Mapigano ya karibu ya kujihami hayana hata kimoja. Hapo aliyekushika anaweza kuwa mkubwa kuliko wewe, na hakuna kengele ya kukuokoa. Ndiyo maana historia yake ukiifuatilia vizuri sio historia ya mabaunsa. Ni ya watu waliokuwa wamezidiwa.

3. Anza na London, miaka ya 1913 na 1914. Wanawake wa Uingereza walikuwa wanadai haki ya kupiga kura. Waliofungwa walikuwa wanagoma kula. Wakidhoofika wanaachiwa, wakipata nguvu wanakamatwa tena. Mwanamke mmoja mfupi, Edith Garrud, urefu wake kama sentimita 150 tu, akawafundisha wenzake jujutsu ya Kijapani. Likaundwa kundi la wanawake wa kumlinda kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Sasa sikiliza: kazi yao haikuwa kuwapiga polisi wakawashinda. Wangewaweza wapi? Kazi ilikuwa kuwachelewesha na kuwachanganya mpaka mama aondoke salama.

4. Nenda Shanghai, China. Mwingereza William Fairbairn alijiunga na polisi wa mji ule mwaka 1907. Akiwa doria alipigwa vibaya sana. Baada ya hapo akajifunza jujutsu, akaondoa mbwembwe zote, akabakiza machache ambayo mtu anaweza kuyakumbuka hata akiwa na hofu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1926, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia akawafundisha makomando. Wengi wanamjua kwa hayo ya vita. Wachache wanajua kwamba mwaka 1942 alitoa kitabu cha wanawake na wasichana: namna ya kujinasua ukishikwa mkono, namna ya kutumia mwavuli. Vitu vya mtu anayetoka kazini jioni anarudi kwake.

5. Wa tatu ni Imi Lichtenfeld, aliyekulia Bratislava. Alikuwa bingwa wa mieleka na ndondi. Miaka ya 1930 magenge ya kifashisti yalipoanza kuwashambulia Wayahudi wa mtaani kwao, akaona kwamba ya ulingoni hayatoshi barabarani. Baadaye akafundisha jeshi la Israeli, na alipostaafu jeshini mwaka 1964 akaanza kufundisha raia wa kawaida. Mbinu yake inaitwa krav maga, yaani mapigano ya ana kwa ana kwa Kiebrania.

6. Watu watatu, miji mitatu, na wote wamefika palepale: hatua chache, fanya haraka, ondoka. Mkono wako ukiachiwa tu, umeshinda. Kubaki pale umalizie hasira zako ni kumpa mwenzako nafasi ya pili.

7. Sasa turudi karibu na nyumbani. Nairobi, kwenye mitaa kama Korogocho, bibi zetu wamefundishwa kujihami dhidi ya ubakaji. Wasichana pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wasichana wa mitaa ya namna hiyo waliofundishwa wiki sita, saa mbili kila wiki. Kabla ya mafunzo, karibu mmoja kati ya wanne alisema ameshambuliwa kingono ndani ya mwaka uliopita. Baadaye ikawa chini ya mmoja kati ya kumi. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini angalia walichofundishwa: ngumi zilikuwa sehemu tu. Walifundishwa kusoma hatari mapema, kusema "hapana" kwa sauti nzito, kupiga kelele, kukimbia, na kumwambia mtu. Mdomo kwanza, miguu inafuata, mikono mwisho.

8. Hapa naongea kama nesi. Shingo, jamani. Zile video zinazofundisha kukaba, yaani roba, au ngeta kama wanavyoita ndugu zetu wa Nairobi, sizitaki kwa watoto. Ukibana mishipa ya shingo, mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde kama 10. Ukiendelea, ubongo unakosa oksijeni na anakufa. Mtoto wa miaka tisa anayemjaribia mdogo wake sebuleni hajui aachie saa ngapi. Ukiwakuta wanacheza hivyo, wakataze siku hiyohiyo na waeleze kwa nini.

Na wewe mama uliyekabwa shingo, iwe na mwizi au na mtu wa ndani kwako: nenda hospitali hata kama hakuna alama. Wengi hawana alama yoyote kwenye ngozi. Sauti kukauka, kumeza kwa shida, vidoti vyekundu machoni, kichwa kuuma, kupoteza fahamu, kujikojolea, hizo zote ni dalili za hatari. Kuna madhara yanayokuja baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa, hata kiharusi. Kama ni mjamzito, usilale nalo. Sema wazi "nilikabwa shingo", usiseme tu "tuligombana". PF3 ya polisi ina kazi yake, ila ukiwa unapumua kwa shida, hospitali kwanza.

9. Lingine linaniuma sana. Binti anaumizwa, ndugu wanauliza: "Kwa nini hukupigana? Kwa nini hukupiga kelele?" Hofu ikizidi, mwili unaweza kukimbia, kupigana, au kuganda. Kuganda hakuombi ruhusa ya mwenye mwili. Askari na makomando waliandaliwa kwa mazoezi ya kurudiarudia ili wasigande, halafu sisi tunamlaumu mtoto wa darasa la sita ambaye hakufundishwa lolote? Kosa ni la aliyemshambulia. Kujua kujihami ni msaada, hakujawahi kuwa sharti la kuhurumiwa.

10. Kwa hiyo ukienda kumtafutia mtoto mwalimu, kaa uangalie kipindi kimoja. Anawafundisha kuondoka, au kuumiza tu? Mtoto akisema "inatosha", anaachiwa papo hapo? Mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama? Kama mlango unafungwa wazazi wabaki nje, chukua mwanao mrudi nyumbani.

Na nyumbani anza bure. Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake. Mruhusu akatae kukumbatiwa, hata na mjomba. Waumizaji wengi wa watoto ni watu wanaofahamika, na mtoto aliyezoeshwa kutii kila mkubwa hatampinga mkubwa huyo. Mzoeze kupiga kelele kwa nguvu, cheka naye, rudieni. Mwambie: "Ukija kuniambia, sitakupiga wala sitakugombeza." Halafu litimize. Namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo Tanzania na Kenya pia, iandikeni ukutani.

Ngumi atajifunza akitaka. Ila mtoto anayejua kwamba akikimbilia kwako atasikilizwa, tayari anajua pa kukimbilia. Edith Garrud na wenzake walijua hilo: hakuna maana ya kujinasua kama huna pa kwenda.

Mtumie mama mwenzako. Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.