SAFU YA MWALIMU: Pesa ya nyumba ipo, tuombe ifike kabla paa halijaanguka

Mwezi uliopita tuliongea juu ya madaftari na kalamu. Mwezi huu tunaacha darasa kidogo, tuongee juu ya nyumba, maana mtoto asiye na mahali pa kulala hata ukimpa madaftari kumi hayamsaidii kitu.

Kuna mtoto wetu mmoja wa darasa la tano hapa Kakuma. Jina lake hatutaji, wala bloki. Mama yake aliona nguzo ya pembeni imeliwa na mchwa na paa limeanza kuinama. Akaenda kuripoti mapema, mvua ikiwa bado. Wakaandika jina lake, wakamwambia bajeti imekwisha, asubiri. Ni ofisi gani hatusemi, na pengine hata yule aliyemjibu hakuwa na uwezo wa kujibu vingine. Fundi jirani alikuja kuangalia, akapiga hesabu: miti minne, mabati mawili, misumari kilo moja na kazi ya siku mbili. Jumla shilingi 4,600. Mama hakuwa nazo. Tangu mgao wa chakula upunguzwe 2025, hela kidogo anayopata kwa kufulia watu nguo inaishia kwenye unga.

Mvua ikaja. Mnajua wenyewe mvua ya hapa, miezi inapita hakuna hata tone, halafu usiku mmoja laga ya Tarach inajaa, na upepo unang'oa kila kitu. Ukuta ukaanguka upande ule wenye madumu ya maji, tunamshukuru Mungu haukuangukia watoto. Familia ikahamia kwa jirani, watu kumi na mmoja chumba kimoja. Jirani akachoka, si kwa ubaya, hata wewe ungechoka. Basi wale watoto wakalala kwenye darasa letu usiku tisa. Ufunguo tuliwapa sisi walimu. Ruhusa hatukuomba, tunaungama hapa hapa kwa sababu mwalimu mkuu naye anasoma gazeti hili.

Mwishowe hema likaja, na mablanketi, na sufuria mbili. Gari lilikuja mara tatu, mara ya kwanza kuandika, mara ya pili kuhakikisha yale yaliyoandikwa, mara ya tatu kuleta. Hatuna risiti za vitu hivyo, lakini hata mtoto wa darasa la tatu akipiga hesabu ataona kwamba hema na mafuta ya gari mara tatu yanapita 4,600 mbali sana. Na mtoto mwenyewe alikosa masomo wiki tatu.

Kumzuia mtu asipoteze nyumba yake ni kazi ndogo. Kumpatia nyingine akishaipoteza ni kazi kubwa. Lakini pesa yote hungoja mpaka mtu amelala nje, ndipo itoke. Na tumezoea, tukisema nyumba, macho yetu yanaenda kwa UNHCR na mashirika. Wametusaidia sana, hatuwezi kukataa. Lakini pesa yao imepungua, kila mtu ameona. Sisi tunafikiri wakati umefika wa kuongea na serikali: serikali ya Kenya, na kaunti ya Turkana. Tunajua kuna mzee atacheka akisoma hapo. Mzee wetu, subiri kidogo, usikunje gazeti.

Kenya inakusanya pesa kwa ajili ya nyumba, na ni kwa sheria. Kila mtu aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri naye anaongeza asilimia 1.5. Mwenye mshahara wa 30,000 anakatwa 450, na mwajiri anatoa 450 nyingine. Ilianza 2023. Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanavunja katiba. Serikali ikarudi bungeni, na Machi 2024 ikapata sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, makato yakaendelea. Walimu wenzetu Wakenya hapa shuleni wanakatwa kila mwezi. Mmoja wao alituonyesha karatasi ya mshahara akasema, ninyi mnataka nyumba kwa pesa hii, na mimi niliyekatwa sijapata hata mlango. Ana haki ya kusema hivyo. Tukumbuke maneno yake kila tunapofungua mdomo juu ya jambo hili.

Sheria hiyo imegawa nyumba kwa kipato. Ziko nyumba za jamii kwa anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu kwa anayepata kuanzia 20,000 mpaka 149,000. Inataja pia nyumba za vijijini, na inaweka kamati ya nyumba kwenye kila kaunti ili ipange miradi ya kwao. Kwa kipato, wengi wetu wa kambini tungeanguka kwenye lile kundi la chini, na jirani zetu Waturkana wengi pia. Lakini ili ujiandikishe unatakiwa kuwa na kitambulisho cha Mkenya. Kwetu mlango unafungwa hapo.

Tena pesa karibu yote inaelekea kwenye kujenga. Kujenga ni vizuri, watu wanapata na kazi. Lakini nani anamshika yule ambaye nyumba anayo leo na kesho itaanguka? Au yule wa kule Nairobi ambaye bado kodi ya mwezi mmoja tu afungiwe mlango? Wengi wetu tuna ndugu Kayole na Kasarani. Tunajua mwenye nyumba anavyofanya kodi ikichelewa: anakuja na kufuli yake, anafunga, na vyombo vyako viko ndani. Dada mmoja aliyefungiwa hivyo alirudi huku kambini na watoto wawili na mfuko mmoja. Alikuwa na biashara ya vitenge, ilikuwa inatembea. Kodi ya mwezi mmoja ingemwokoa. Sasa anatafuta kadi ya rashoni upya, na vitenge vilibaki kwa yule mwenye nyumba.

Na kupewa jengo jipya peke yake hakumalizi taabu. 2009 watu wa Kibera walihamishiwa kwenye maghorofa ya Lang'ata, mahali pa kukaa kwa muda wakati kwao panajengwa upya. Wengine wakapangisha vyumba vyao kwa watu wenye uwezo zaidi, wao wakarudi kwenye mabanda. Tusiwahukumu. Mtu mwenye njaa atauza hata kitanda. Hata hapa kambini tumewaona waliouza mabati ya paa lao.

Sasa turudi kwa mzee aliyecheka. Anasema, sisi ni wageni, mgeni haombi sehemu ya shamba. Mzee, tulikwenda kusoma katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43. Pale panapotajwa haki ya kuwa na makao ya kutosha, hapakuandikwa kila raia. Pameandikwa kila mtu. Tulisoma mara mbili, tukampa na mwalimu wa Kiingereza asome, naye akasema ni hivyo hivyo. Kwenye mambo mengine katiba hiyo inatenga raia na asiye raia, kwa mfano ardhi: asiye raia hawezi kumiliki milele, anapangishwa kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo walioandika walijua kutenga pale walipotaka. Kwenye makao hawakutenga.

Haki kwenye karatasi haijengi ukuta, hilo tunalijua. Watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kule Nairobi, walibomolewa nyumba Novemba 2011. Wakaenda kortini. 2013 wakashinda, 2016 wakashindwa kwenye rufaa, na Januari 2021 ndipo Mahakama ya Juu ikasema kwamba hata mtu anayekaa kwenye ardhi ya umma bila hati anaweza kulindwa na haki hiyo ya makao. Miaka zaidi ya tisa! Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kubomolewa alikuwa tayari shuleni. Ndiyo maana hatuwaambii mwende kortini. Tunasema tuombe mapema, na tuombe kitu kidogo kinachoeleweka.

Tunaomba fungu la matengenezo, lipangwe kwenye bajeti ya nyumba ya kaunti, kwa ajili ya nyumba zilizo karibu kuanguka hapa Kakuma, Kalobeyei na kwenye vijiji vya Waturkana vinavyotuzunguka. Wote, pamoja. Tukienda peke yetu wataona tunanyang'anya, na kusema ukweli tutakuwa tunanyang'anya, maana mama wa Kiturkana anayetuuzia makaa naye anavujiwa. Fungu litoke mvua ikiwa bado. Na lishikwe na wenye nyumba wenyewe. Hilo si ndoto, Kalobeyei wameliona. Baada ya makazi yale kufunguliwa 2016, ulikuja mpango wa kuwapa watu pesa za kujengea kupitia benki: familia inamtafuta fundi wake, inanunua vifaa vyake, inasimamia kazi yake. Tuliotembelea tunajua tofauti. Mama anayejijengea anasimama juani anahesabu mifuko ya saruji, fundi hawezi kuiba hata mmoja. Nyumba ya kujengewa na mkandarasi huambiwa tu, ingia.

Kodi ya dharura ya mwezi mmoja au miwili kwa familia inayokaribia kufungiwa mlango ni jambo gumu zaidi, kwa sababu wadanganyifu hawakosi, na tunawajua kwa sura. Lakini lisemwe hata hivyo. Na kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe kwenye nyumba za jamii za kupanga kama zitajengwa Kakuma. Kumiliki hatuombi. Tunaomba kupanga, kwa kulipa.

Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi zigeuke makazi ya kawaida ambamo mkimbizi na mwenyeji wanatumia huduma pamoja. Tumesikia mengi mazuri kwenye mikutano yake, na maswali ni mengi pia. Kama kambi inageuka mji, basi mji una bajeti, na bajeti Kenya haipitishwi kabla wananchi hawajaitwa kutoa maoni. Kura hatuna. Lakini mikutano hiyo hufanyika wazi, na tuliokwenda tuliwahi kupewa nafasi ya kusema. Kosa letu lilikuwa kwamba tulisema tu tunateseka. Yule afisa aliandika neno moja kwenye daftari lake akamwita mwingine. Tungempa hesabu angeandika zaidi.

Kwa hiyo tunaanza na hesabu. Wanafunzi wa darasa la saba na la nane watapita kwenye bloki Jumamosi mbili zijazo, wawili wawili, na daftari. Wataangalia nguzo, paa na ukuta, wataandika miti mingapi na mabati mangapi yanahitajika, na bei ya fundi. Majina ya watu hayataandikwa, namba ya nyumba tu. Tafadhali msiwaambie nyumba nzima imeoza kama ni nguzo moja, kwa sababu mafundi wawili wamekubali kupita nyuma yao kuhakikisha. Mwenye ndugu Nairobi aliyefungiwa nyumba mwaka huu aje kwetu shuleni saa kumi jioni atueleze. Na wazee wa Kiturkana wa upande wa pili wa laga wametuma neno kwamba watoto wao watahesabu upande wao, ila wanaomba madaftari matatu. Tunayo mawili. Mwenye daftari moja lenye kurasa safi atuletee kabla ya Ijumaa.