Neno la Mhariri: Mwili wa Kuazima

Makala zilizotufikia kutoka Mbeya na Iringa kwa ajili ya toleo hili, ingawa zimeandikwa na watu wasiojuana, aghalabu zimeshika njia moja, nayo ni ya kukiita kila kitendwacho mbele ya macho ya watu kuwa ni mchezo wa kuigiza, sawasawa kiwe ngoma, harusi, tambiko, au hotuba ya mgombea aliyepanda juu ya gari. Chanzo cha ukarimu huo nakifahamu, wala sikilaumu. Bibi Penina Muhando na Bibi Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walitufungulia mlango mpana waliposhikilia kwamba ngoma, utambaji wa hadithi na sherehe za jadi vina haki ya kuhesabiwa katika sanaa za maonyesho bila ya kungoja ruhusa ya jukwaa la kigeni. Lakini nyumba yenye mlango mpana nayo ina vyumba, na mwenye kulala jikoni akidhani yumo sebuleni ataamka amejaa masizi.

Tuanze Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, ambako tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining wa Tanganyika alimkabidhi Chifu Adam Sapi wa Wahehe fuvu la babu yake, Chifu Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani akiwa hai, na ambalo mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikuwa umeamuru lirejeshwe. Mwenye kutafuta alama za tamthilia siku ile alizipata zote: uwanja, watazamaji, mavazi ya fahari, maneno yaliyotungwa kabla, na kitu kimoja kidogo kilichovuta macho yote. Hata hivyo haikuwa tamthilia. Gavana alikuwa gavana, chifu alikuwa chifu, na uzito wote wa tendo lile uliegemea jambo moja tu, kwamba fuvu liwe kweli la Mkwawa. Ndiyo maana hadi leo wako watu wanaoulizana jinsi lilivyopatikana, maana Twining alilichagua katika jumba la makumbusho la Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa waliokuwa hai. Na swali hilo linauma, kwa kuwa ikiwa si lenyewe, basi sherehe ilipungukiwa na roho yake.

Sasa mtazame Mkwawa huyo huyo katika Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mugyabuso Mulokozi. Kijana yeyote wa Tosamaganga au wa Tukuyu, awe Mhehe au asiwe, mrefu au mfupi, aweza kusimama na kusema “mimi ni Mkwawa,” na hapana atakayemshtaki kwa uwongo. Na lau ingehitajika fuvu jukwaani, kibuyu kilichopakwa chokaa kingetosha, wala mtazamaji asingeomba kipimwe. Hapo ndipo ninapouona mpaka. Sherehe hudai kitu chenyewe, tamthilia huazima. Mtu humwazima mtu mwingine mwili wake, sauti yake na pumzi zake kwa muda wa saa moja, mbele ya watu wanaojua kwamba ni maazimo na walioridhia hivyo, kisha huurudisha mwili kwa mwenyewe na kwenda kula chakula cha jioni.

Kwa kipimo hicho hicho, matanga ya Wanyakyusa, ambayo Monica Wilson aliyeishi nao miaka ya 1930 aliyaandika kwa urefu, pamoja na wanaume wanaocheza na mikuki huku wanawake wakilia, si tamthilia, ijapokuwa miguu inakwenda kwa mpango na vumbi linapanda. Kwani mchezaji haigizi mfiwa, bali ndiye mfiwa.

Jambo gumu zaidi ni bibi mwenye hadithi. Katika usiku wa Julai, ambapo baridi ya Iringa hukusanya watoto karibu na moto kuliko amri ya mzazi yeyote, bibi akifika kwa fisi hulegeza taya, huinamisha bega, na sauti yake huwa ya fisi hasa. Kwa kitambo kile amevuka mpaka, mimi namshuhudia. Kisha husema “fisi akasema,” na mara amerejea upande wake. Neno hilo dogo, akasema, ndilo bawabu wa hadithi, na ndilo ambalo tamthilia imelifukuza kazi. Mwandishi wa riwaya aweza kuingia kifuani mwa mtu na kutuambia alichofikiri. Ebrahim Hussein, mwishoni mwa tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapwa mwaka 1969, hana ruhusa hiyo. Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kuwa maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uwongo, anakataa, na hapana msimulizi wa kutunong’oneza ni kiasi gani cha imani na kiasi gani cha hesabu kilichomo katika kukataa kwake. Kila mwigizaji sharti aamue upya kwa uso wake, na kila mtazamaji huondoka na hukumu yake.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona tamthilia zinavyosomeshwa. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa moja, mahali nisipopataja, ambapo Ngoswe ya Edwin Semzaba ilisomwa kwa zamu, mistari kumi kila mwanafunzi, vichwa vimeinama, kisha wakaulizwa wahusika na dhamira kama vile wangeulizwa juu ya riwaya. Karatasi za hesabu ya watu zilizomo katika mchezo huo zilipotajwa hapana aliyeziona, maana hapana aliyezishika. Lakini msichana mmoja, zamu yake ilipomfikia, alisahau akasimama, akamnyooshea kidole jirani yake, na darasa zima likainua macho kutoka vitabuni. Mwalimu akamwambia aketi.

Katika toleo hili tumechapa tamthilia moja fupi yenye watu watatu na kigoda kimoja. Mpiga chapa alilalamika kwamba tunapoteza karatasi, kwa kuwa tumeacha pambizo pana kulia na kushoto. Tulimjibu kwamba nafasi hiyo si yetu, ni ya wale watakaoicheza, waandike humo kwa kalamu ya risasi nani asimame wapi, na kigoda kihamishwe lini.