MAMBO YA NYUMBANI: Nauli na Malazi ya Watumishi wa Arusi



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tulizungumza habari za michango ya arusi. Mwezi huu nataka kuendelea na jambo lililo jirani yake. Ni dogo machoni pa watu, lakini limekwisha kuvunja urafiki mwingi, tena limetia doa jina la Wakristo mbele ya watu wa nje.

Zamani arusi za kwetu milimani Usambara zilitumikiwa na watu wa mlimani. Wapishi walikuwa mama zetu na shangazi zetu, waimbaji walikuwa vijana wa kigango, na aliyekuja kwa miguu alirudi kwa miguu. Siku hizi vijana wetu wako kazini Dar es Salaam, Tanga na Arusha, nao wakija kufunga ndoa nyumbani huja na mpiga picha wa mjini, mshereheshaji wa mjini, mpambaji wa mjini, pengine na wapiga matarumbeta. Sisemi kwamba ni vibaya. Lakini kila mtu aitwaye kutoka mbali ana mambo mawili yamfuatayo kama kivuli: njia ya kuja na kurudi, na mahali pa kulaza kichwa. Je, ni nani ayalipe?

Nitawasimulia kosa langu mwenyewe, maana ni afadhali mjifunze kwa hasara yangu kuliko kwa hasara yenu.

Miaka michache iliyopita mwana wa kaka yangu alioa, nami nilikuwa mwenye kiti wa kamati. Bwana arusi alikuwa amepatana kwa simu na mpiga picha wa Dar es Salaam. Bei ikatajwa, arubuni ikapelekwa. Nilipomwuliza kama mambo yote ni tayari, alinijibu, "Baba mdogo, kila kitu kimekwisha." Nami sikuuliza zaidi.

Siku ya Ijumaa yule mpiga picha na msaidizi wake, binti mmoja, walifika Mombo saa nne za usiku. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33 za kona na magenge, na saa ile magari ya abiria yalikuwa yamekwisha kupanda. Akanipigia simu. "Shikamoo mzee. Tumefika Mombo. Tunalala wapi?" Nikamwuliza mweka hazina, akasema hakuna fungu la malazi. Nikamwuliza bwana arusi, akasema alidhani bei ile ni pamoja na yote. Basi nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, jitahidini mpaka asubuhi." Neno hilo naliona aibu hata leo. Wakakaa stendi mpaka alfajiri, yule binti akiegemea mkoba wa kamera.

Jumamosi walifanya kazi yao vizuri, wala hawakunung'unika mbele ya wageni. Usiku, karamu ilipokwisha, tuliwalipa salio la bei. Ndipo akaomba nauli ya watu wawili na gharama ya kulala usiku ule. Wanakamati wakamcheka, wakasema, "Tulipatana bei, hatukupatana nauli." Naye akajibu kwa upole, "Basi, hata siku ya kuleta picha hatukupatana." Akaenda zake.

Miezi minne tuligombana kwa simu. Katika miezi hiyo bibi yake bibi arusi, aliyekuwa mgonjwa kitandani na hakuweza kufika kanisani, aliuliza kila Jumapili, "Picha za mjukuu wangu zimekuja?" Akafariki kabla hazijaja. Nami nilikuwa miongoni mwa waliomzika. Juma lile lile niliuza maharage yangu nikapeleka fedha aliyodai, na picha zikaletwa baada ya siku tatu. Deni lote lililotuzuia lilikuwa dogo kuliko bei ya keki tuliyoila kwa robo saa.

Labda mtu atasema, Je, yule mpiga picha hakukosa? Alikosa, maana si haki kuizuia kazi iliyokwisha kulipwa. Lakini mlango wa kosa tuliufungua sisi.

Sasa someni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu alisafiri na ngamia kumi kwenda kumtafutia Isaka mke. Pale kisimani alipomwuliza Rebeka ni binti wa nani, papo hapo aliuliza pia kama nyumbani kwa baba yake iko nafasi ya kulala. Rebeka alimjibu kwamba nafasi iko, hata majani na chakula cha ngamia viko. Angalieni, hata mnyama aliyebeba mizigo alihesabiwa! Tena walipomwandalia chakula, alikataa kula mpaka aseme kwanza neno lililomleta. Kwake yeye shauri lilitangulia, chakula kikafuata. Sisi tulikula kwanza, tukasema baadaye, na hayo ndiyo matokeo yake.

Tena mwakumbuka yule Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10. Alijua kwamba kumlaza mtu ni gharama. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili mbele, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Hakumwambia yule majeruhi ajitahidi mpaka asubuhi.

Basi haya ndiyo tunayoyafuata sasa katika kigango chetu, nanyi mwaweza kuyajaribu.

Kwanza, ulizeni kabla ya kutoa arubuni: Bei hii ni ya kazi tu, ama ni pamoja na safari? Mtakuja watu wangapi? Mtalala siku ngapi? Kuuliza si ujinga. Mpiga picha mmoja huja na msaidizi, na mshereheshaji huja na mtu wa vipaza sauti.

Pili, hesabuni njia. Mwaka 2023 LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, ilitangaza nauli ya shilingi 48.47 kwa kila kilometa kwa abiria wa basi la kawaida. Kutoka Dar es Salaam hadi Lushoto ni kama kilometa 350. Kwa kiwango hicho mtu mmoja hulipa karibu shilingi 17,000 kwa kwenda tu. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni karibu shilingi 136,000, nao hawajanywa hata chai ya njiani. Nauli hubadilika, basi ulizeni ile ya siku zenu. Njia ya kuhesabu ni ile ile.

Tatu, andaeni malazi. Karamu ikiisha saa sita za usiku, hakuna gari la kushuka mlimani. Kama fedha ya nyumba ya wageni haitoshi, nyumba ya Mkristo yafaa sana, wala si aibu. Lakini iwe na kitanda, maji ya kuoga, na mlango unaofungwa. Wasichana wasilazwe chumba kimoja na wanaume kwa kuwa ati wote ni watu wa kazi. Binti wa mwenzako ni binti yako.

Nne, aliyeita ndiye alipaye. Walioitwa kwa sherehe ya kumwaga binti, upande wa bibi arusi uwagharimie. Walioitwa kwa karamu ya arusi, upande wa bwana arusi. Kama wametumika pande zote mbili, pande zote zigawane. Maneno haya yasemwe na wazee mapema, kabla ya tangazo la kwanza la ndoa kusomwa kanisani.

Tano, andikeni. Karatasi moja yatosha: kazi, bei, nauli, malazi, chakula, siku ya kulipa, na siku ya kuleta picha. Nakala moja yenu, moja yake, na sahihi za pande zote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nauli ya kuja ipelekwe kabla ya safari, na salio lilipwe kabla hawajapanda gari la kurudi. Torati yaamuru kwamba mtu wa mshahara alipwe kabla jua halijatua, naye Mtakatifu Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa hulia mpaka masikioni mwa Bwana.

Nanyi mfanyao kazi hizi, ninyi nanyi mna wajibu. Usidai nauli ya gari la kukodi nawe umekuja kwa basi. Ukiwa na arusi mbili katika safari moja, wagawie wote wawili nauli ile, usiwatoze mara mbili. Tena kama mliyapatana yote, usizushe deni jipya usiku wa karamu, wakati wenyeji wanaona haya kukataa.

Na hesabu ikiwalemea, kumbukeni kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Huenda yuko kijana wa kigango chenu mwenye kamera nzuri, naye atalala kwao.

Nanyi waalimu, nawasihi mliweke jambo hili katika mafundisho ya wachumba. Tunawafundisha ahadi za altareni, na inatupasa kuwafundisha pia kutimiza ahadi za nje ya mlango wa kanisa.

Katika arusi ya Kana mkuu wa meza hakujua divai ile imetoka wapi. Waliojua ni watumishi waliochota maji. Hata katika arusi zetu watumishi huona mambo ambayo wageni hawayaoni, nao hurudi kwao na habari zetu. Tuwape habari njema ya kurudi nayo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza habari za madeni yanayobaki baada ya arusi.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista wenu