Mashine Isifute Kivuli

Mwalimu wa fizikia afundishapo mwangwi aghalabu hutoa mfano wa mlima au ukuta. Yafaa atoe pia mfano wa mashine ya ultrasaundi, ambayo hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika, ikapokea mwangwi wake na kuufanya picha.

Katika tishu laini mawimbi hayo hudhoofika kwa takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita na kila megahezi. Basi mawimbi ya megahezi 3.5, yakienda kina cha sentimita 10 na kurudi, hupoteza desibeli 35 hivi. Hata kama yangeakisiwa yote, yangerudi na chini ya sehemu 1 kati ya 3,000 ya nguvu yake. Kwa sababu hiyo mashine huukuza zaidi mwangwi uchelewao. Ukuzaji huo hupangwa kwa mkono, au mashine hujipangia yenyewe, na hiyo ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, kudhoofika huko kuna habari ndani yake. Kijiwe cha nyongo huyazuia mawimbi, kikaacha kivuli cheusi nyuma yake. Uvimbe wenye maji huyapitisha kwa urahisi, na nyuma yake hung'aa. Mashine ikisawazisha kila giza na kila mwanga, picha itapendeza, na mgonjwa atarudi nyumbani na kijiwe chake.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi aifanye kwanza hesabu hii kwa kalamu. Ndipo atakapoelewa kwa nini daktari mwenye shaka hana budi kuupanga ukuzaji kwa mkono na kutazama upya.