Mchovya Asali na Hesabu ya Koili

Mnamo tarehe 1 Juni 2025, Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki za kutumiwa mara moja na kutupwa. Kanuni zake, pamoja na maelezo ya serikali yaliyoambatana nazo, hazikuishia kwenye umbo la nje la kifaa, bali ziliingia hadi tumboni mwake: ili kikubaliwe madukani, sharti betri yake iweze kuchajiwa, kiowevu chake kiweze kujazwa upya, na koili yake iweze kubadilishwa. Ni nadra kwa kijiwaya chenye urefu wa kidole kupewa heshima ya kujadiliwa na watunga sheria. Kwa kuwa bidhaa hizi zinauzwa pia katika miji yetu, na kwa kuwa walimu kadhaa wamenieleza kuwa wamezikuta mifukoni mwa wanafunzi wao, naona inafaa tukae chini tuipige hesabu ya kijiwaya hicho.

Koili ni nini? Msomaji aliyesomea kwenye mwanga wa koroboi hatapata taabu kuielewa. Koroboi ilikuwa na utambi wa pamba ulionyonya mafuta ya taa kutoka chini, na moto ukawaka juu. Katika sigara ya kielektroniki utambi upo vile vile, ila mahali pa moto pana waya uliozungushwa mithili ya springi. Betri hupitisha umeme, waya hupata joto, na kiowevu kilicholowa pambani hugeuka kuwa wingu ambalo mtu hulivuta. Waya huo ndio koili. Hauna budi kubadilishwa mara kwa mara, kwa maana sukari na vionjo vilivyomo katika kiowevu huuganda na pamba huungua.

Wavutaji wa Uingereza wamegawanyika kuhusu namna ya kuubadilisha. Kundi la kwanza hununua koili iliyokamilika kiwandani, waya na pamba zikiwa ndani ya kikopo kidogo cha chuma. Ikianza kuleta ladha ya majivu, hutupwa na kutiwa nyingine. Kundi la pili hununua waya kwa mita, aghalabu wa aloi ya chuma, kromi na alumini, pamoja na pamba safi. Kisha hukaa mezani na bisibisi, koleo na kipimio cha ukinzani, wakajisokotea koili wenyewe. Hawa hujiona kama fundi wa jua kali mbele ya mwenye duka: anayejua kutengeneza hafungwi na anayeuza.

Tuyapime madai yao kwa mfano. Koili ya dukani nchini humo huuzwa aghalabu pauni 2 hadi 4, na hudumu wiki moja au mbili. Tuseme mvutaji hutumia moja ya pauni 3 kila wiki: kwa mwaka atalipa pauni 156. Mwenzake anayejisokotea huhitaji takriban sentimita 10 za waya kwa koili moja, kwa hiyo kibunda cha mita 10 humpa koili 100. Fauka ya hayo, waya huweza kusafishwa na kutiwa pamba mpya mara kadhaa kabla ya kutupwa. Tukimkadiria pauni 20 kwa waya na pamba za mwaka mzima, hatutakuwa tumempunja. Ameokoa pauni 136, ingawa tukumbuke kwamba alianza kwa kununua kifaa cha bei ya juu zaidi pamoja na vyombo vya kazi.

Wengi huishia hapo na kumtawaza fundi mshindi. Lakini hesabu haijakwisha, na hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapopaswa kushika chaki. Kwa kanuni ya Ohm, betri ya volti 4 ikiunganishwa na koili yenye ukinzani wa omu 1 hupitisha mkondo wa ampea 4 na kutoa wati 16. Koili ikisokotwa kwa waya mnene hadi ukinzani ukashuka kufikia omu 0.2, mkondo hupanda kufikia ampea 20 na nguvu kuwa wati 80. Betri isiyoundwa kuustahimili mkondo huo hupata joto kupita kiasi na yaweza hata kulipuka. Ndiyo maana asiyeijua kanuni hii hapaswi kuuchezea waya hata kidogo. Na wati nyingi hukausha kiowevu kingi. Sisemi kwamba kila anayejisokotea huandama wingu kubwa. Wapo wanaosokota koili za ukinzani wa juu, na akiba yao ni ya kweli. Hata hivyo, wingu zito ndilo lililowavuta wengi kwenye ufundi huo.

Basi tuwachukue wavutaji wawili: wa koili ya dukani atumiaye mililita 3 za kiowevu kwa siku, na wa koili ya kujisokotea yenye wati nyingi atumiaye mililita 10. Kwa mwaka, wa kwanza atamaliza mililita 1,095 na wa pili mililita 3,650. Serikali ya Uingereza imetangaza ushuru wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10, na tarehe iliyowekwa ya kuanza ni 1 Oktoba 2026. Kwa kiwango hicho, ushuru wa mvutaji wa kwanza ni kama pauni 241, na wa pili pauni 803. Yule aliyeokoa pauni 136 kwenye waya atalipa pauni 562 zaidi kwenye chupa, kabla hata ya kulipia kiowevu chenyewe! Amelinda tundu la sindano huku mlango uko wazi.

Sasa tuirejeshe hesabu hii nyumbani. Mwezi wa Desemba 2024, marekebisho ya sheria za ushuru hapa Kenya yalipandisha ushuru wa nikotini ya kiowevu kwa sigara za kielektroniki kutoka shilingi 70 hadi shilingi 100 kwa kila mililita. Kwa mifano yetu miwili, hizo ni shilingi 300 kwa siku kwa mvutaji wa kwanza na shilingi 1,000 kwa wa pili. Mbele ya kiasi hicho, mjadala kuhusu bei ya koili ni kama kubishana kuhusu bei ya kamba ilhali ng'ombe hajalipiwa.

Lipo jambo jingine ambalo mswada wowote utakaojadiliwa hauna budi kulizingatia. Ushuru wa mililita hupima wingi wa kiowevu, haupimi ukali wake. Mvutaji wa wati nyingi kwa kawaida hutumia kiowevu chepesi, tuseme chenye miligramu 3 za nikotini kwa mililita. Mililita zake 10 zina miligramu 30. Mtumiaji wa kifaa kidogo aweza kutumia kiowevu cha miligramu 20 kwa mililita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa Uingereza. Mililita zake 3 zina miligramu 60. Yaani anayelipa ushuru mkubwa amebeba nusu ya nikotini ya mwenzake. Mnamo Machi 2024, Uingereza ilipendekeza viwango tofauti kulingana na ukali, lakini kufikia Oktoba mwaka huo ikachagua kiwango kimoja kwa wote. Kwetu Kenya, kifaa kidogo, kikali na chepesi kufichwa ndicho kinachomfaa mtoto wa shule, nacho ndicho kinachopata nafuu chini ya utaratibu huu. Mswada wa kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007, uliofikishwa Seneti mwaka 2024, ulikusudia kuziingiza bidhaa hizi katika udhibiti. Rai yangu ni kwamba udhibiti na ushuru viitazame nikotini yenyewe, visihadaiwe na ukubwa wa chupa.

Kama mwanaisimu, siwezi kuondoka bila kugusia maneno. Mwaka 2014, kamusi za Oxford zilikiteua kitenzi kipya cha Kiingereza, "vape", kuwa neno la mwaka. Kitenzi hicho kilizaliwa kutokana na neno la mvuke, na mvuke ni jina lisilo na hatia: hutukumbusha chai na sufuria ya wali. Kiswahili kilikwisha kuwa na kitenzi chake, kuvuta, na kitenzi hicho hakimbembelezi mtu. Anayevuta sigara anavuta, na anayevuta wingu la nikotini anavuta pia. Tusikimbilie kukitupa.

Nisieleweke vibaya. Mtu mzima aliyevuta sigara za tumbaku kwa miaka mingi, akahamia huku ili aepukane na lami na moshi, amechagua madhara madogo zaidi, na wizara ya afya ya Uingereza humhimiza kwa hilo. Huyo anastahili kuambiwa ukweli: achague koili ya ukinzani wa juu, iwe ya dukani au ya mkono wake, na aipime gharama kwa chupa wala si kwa waya. Lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta hana hasara ya kupunguza. Kwake yeye, hesabu inaanzia sifuri, na nikotini itamfunza kuongeza tu, katika umri ambao ubongo wake bado unakua.

Wahenga walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Waingereza wamekipiga marufuku kifaa cha kutumiwa mara moja, na wamefanya vyema kwa ajili ya majalala yao. Ila kifaa ndicho kilichokuwa cha mara moja. Uraibu haujawahi kuwa hivyo. Mwalimu atakayekikuta kifaa hiki mfukoni mwa kijana asikivunje kwa hasira na kuridhika. Ampe kijana huyo karatasi na kalamu, wapige pamoja hesabu ya mwaka mzima: waya, pamba, chupa na ushuru. Kisha amuulize ni nani, kati ya wote waliotajwa katika hesabu hiyo, atakayeulipa.