Tukisema kalkilatere «ilikufa», tunasema nini?

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa taksi hapa Lubumbashi. Siku moja gari lilikataa kuwaka, naye fundi akamwambia: «Yaya, kalkilatere ilishakufa. Tutabadirisha tu.» Kaka aliuza friji ya nyumbani, akanunua kalkilatere ya mtumba yenye namba ileile. Ikafungwa. Gari likakataa tena. Wiki tatu zilipita bila mapato. Fundi wa pili alipima umeme kabla ya kufungua kitu chochote, akakuta waya wa masi, ule unaounganisha injini na bodi, umeliwa na kutu. Aliubadilisha, akarudisha kalkilatere ya zamani, na motere ikawaka mara ya kwanza.

Kwa hiyo hakuna kilichokufa. Ndiyo sababu naileta habari hii katika jarida la kitivo cha lugha, siyo kwa wahandisi.

Kalkilatere ni kompyuta ndogo ya gari. Inapokea habari kutoka kwa makaptere (joto la injini, hewa inayoingia, mzunguko wa motere), kisha inaamua kiasi cha mafuta na wakati wa cheche. Motere isipowaka, walau mambo manne yanawezekana: kalkilatere haipati umeme, haipati habari kutoka kwa kaptere, imeharibika ndani, au haiutambui ufunguo. Hilo la nne ndilo lililoikataa kalkilatere ya mtumba hata baada ya waya kupona, kwa maana fundi wa pili aliijaribu pia. Magari mengi yenye kinga ya wizi huhifadhi alama ya ufunguo ndani ya kalkilatere. Namba ya kifaa ikilingana, bado lazima ifundishwe ufunguo wa gari jipya.

Hali nne, vipimo vinne, bei nne. Sisi tuna kitenzi kimoja: kufa. Redio inakufa, simu inakufa, batri inakufa. Nyumbani kitenzi hicho kinatosha. Garajini kinaficha, kwa sababu kitu kilichokufa hakipimwi. Kinazikwa na kununuliwa kingine.

Kifaa cha kusoma makosa nacho kinaleta tatizo letu la kila siku, tafsiri. Kikionyesha P0335, kinataja sakiti ya kaptere ya mzunguko wa motere. Sakiti ni kaptere pamoja na waya na viungo vyake. Lakini fundi anatafsiri: «kaptere ilikufa». Neno moja limeanguka njiani, na mteja analipia kaptere wakati waya ndio umekatika.

Je, tatizo ni msamiati? Tazama neno lenyewe. Moteur imekuwa motere, chauffeur imekuwa shofere, capteur imekuwa kaptere. Basi calculateur ikawa kalkilatere. Hiyo ni kanuni, siyo uchafu. Wakati huohuo sisi tunabishana darasani: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Ubishi huo haungemwokolea kaka yangu hata franga moja. Jina la kifaa mafundi wanalo tayari. Kinachokosekana ni vitenzi na sentensi za kutofautisha ubovu.

Mtu atanijibu kwamba kosa lilikuwa la ufundi, siyo la lugha: fundi wa pili naye husema «ilikufa», ila alipima kwanza. Ni kweli. Lakini vijana wengi wanaojifunza garajini hawana kitabu. Wanajifunza kwa kusikia. Anayesikia «ilikufa, badirisha» miaka mitatu atajua dawa moja. Na mteja asiye na maneno hawezi kuuliza: «Umepima umeme unaoingia? Masi je?»

Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power cha 1986, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyofungamana na kazi, na jinsi vitabu vidogo vya lugha vya wakati wa ukoloni vilivyomsaidia mwajiri kumwamuru mfanyakazi. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha zetu nne za taifa. Basi na tuandike sasa vitabu vidogo vinavyomsaidia mfanyakazi mwenyewe.

Pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Kazi moja ya mwisho wa masomo kila mwaka ifanyike garajini. Mwanafunzi akae huko miezi miwili, akusanye maneno jinsi yanavyosemwa, aulize kila «ilikufa» ina maana gani, kisha aandike pamoja na mafundi kurasa kumi za Kiswahili wanachokielewa. Kabla ya kuchapwa, zisomwe na kijana anayejifunza kazi. Asipozielewa, tumekosea sisi.